Siku Niliyoalikwa Bila Mwiko

Nimepika arusi miaka arobaini, kuanzia Msambweni hadi Diani, na katika miaka hiyo yote sikupata kuuona uso wa bibi arusi hata mmoja. Migongo nimeiona. Kwangu mimi ni nyuma ya nyumba, kwenye mafiga, na bibi arusi akipita huko hupita mbio, leso puani, asije akanuka moshi.

Nawaandikia nyinyi wasichana wa darasa la upishi la Ukunda kwa sababu mwalimu wenu ameniomba. Juzi aliniita nije niwaonyeshe pilau ya sufuria kubwa, nikaja, mkaniamkia vizuri, shikamoo zenu nikazipokea. Kisha nikamkuta mwenzenu mmoja amejikunyata nyuma ya mlango wa stoo, analia mpaka kamasi. Nikamuuliza, "Umefiwa?" Akasema, "La, bibi. Wali wangu umepata nne kwa kumi." Nikamwambia, "Haya, wali umepata nne. Na wewe je?" Akasema, "Mimi si kitu."

Mwalimu alitaka niwaandikie vipimo, na vipimo nitaandika. Lakini neno la mwenzenu limenikaa kooni kama mwiba wa samaki changu, na nisipolitoa sitameza. Mimi darasa niliishia la tatu, kuandika sawasawa nilikuja kujifunza gumbaru nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na bega la kulia linaniuma nikishika kalamu. Kwa hivyo someni vizuri. Sitaandika mara mbili.

Aliyenifunza kazi ni Bi Mejumaa, Mungu amrehemu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Mwaka mzima wa kwanza hakunipa mwiko. Nilichagua mchele, nilitwanga tangawizi na kitunguu thomu, nilimenya vitunguu. Na vitunguu vya arusi si vile vyenu viwili vya nyumbani. Ni gunia. Ukimenya gunia la vitunguu unalia mpaka unawakumbuka marehemu wa ukoo wote, na wa majirani. Bi Mejumaa akipita akiniona hivyo husema, "Lia, Mwanasiti, lia. Kilio cha kitunguu hakina kesi."

Kitunguu cha pilau kikaangeni mpaka kiwe rangi ya ngozi yangu, si rangi ya viatu vyangu. Supu ya nyama muionje kabla mchele haujaingia, na iwe na chumvi ya kukukunjisha jicho moja. Yakikunjika yote mawili umezidisha. Msiogope hilo jicho moja, kwa sababu mchele huila chumvi, na supu iliyokuwa tamu mapema huzaa wali chapwa. Na simameni upande upepo unakotokea. Nimewaona nyinyi mkisimama kwenye moshi na kupangusa macho, kisha mnasema kazi ni ngumu. Si ngumu. Mmesimama pabaya.

Sasa, maji yakishakauka mpaka mkaona vishimo vishimo juu ya mchele, mnageuza mara moja, mnafunika, mnapunguza moto wa chini, mnapanga makaa juu ya kifuniko. Huko ndiko kupalia. Na hapo ndipo Bi Mejumaa alipokuwa akinishangaza. Akishapalia, alikuwa ananawa uso, anavua leso ya moshi, anajifunga nyingine safi, anakwenda zake mbele kukaa mkekani na wanawake. Anatafuna tambuu, anacheka, anauliza nani kamzaa nani. Mimi naachwa natazama sufuria kama niliyeachiwa maiti.

Siku moja nikamfuata. "Bi Mejumaa, na pilau?"

"Pilau iko na moto. Mimi niko na watu."

"Ikiungua je?"

"Ikiungua itanikuta nimekaa."

Nikasema moyoni, huyu ni mvivu. Mniwie radhi, ndivyo nilivyosema.

Mara ya kwanza kuachiwa sufuria peke yangu ilikuwa arusi ya Gazi. Nikakaanga vizuri, nikaonja, jicho likakunjika moja, nikapalia. Bi Mejumaa akaenda zake mkekani. Na mimi nikashindwa kutulia. Nikaondoa makaa, nikafunua, nikachungulia, nikafunika. Nikahesabu hatua kumi kwenda na kumi kurudi, nikafunua tena. Nilikuwa nataka kujua kama mimi ni mpishi au si mpishi, na nilidhani jawabu limo ndani ya sufuria.

Nyinyi mliosoma mnajua mvuke ukitoka nini hutokea. Mchele wa juu ukakaa mbichi, ukiutafuna unasikia changarawe. Na wanaume mbele wamekwisha nawa mikono.

Bi Mejumaa akaja, akatia punje moja mdomoni. "Umeifunua."

"Mara moja tu, bi."

"Mwanasiti."

"Mara saba."

Hakunitukana. Akanyunyiza maji ya moto, akalowesha leso, akaitandaza juu ya mchele, akafunika, akapalia upya. Kisha akamtuma mtu kwa maalim aliyekuwa mbele, amwambie dua irefushwe. Maalim yule alikuwa mtu wa watu, akaelewa bila kuelezwa. Akawaombea maarusi, akawaombea wazazi wao, wagonjwa, wasafiri, wajane, walimu. Akaomba mvua. Akaiombea mifugo ya Taru, na katika ile arusi nzima hapakuwa na mtu mwenye hata mbuzi Taru. Watu wanaitikia amin, amin, na matumbo nayo yanaitikia, mengine kabla ya wenyewe.

Pilau ikaiva. Watu wakala, wakasifu. Mimi nikaenda kujificha nyuma ya banda, nikakaa chini nikalia bila kitunguu. Bi Mejumaa akanifuata na sahani.

"Umekula?"

"Nimeharibu, bi."

"Sikuulizi habari za pilau. Nakuuliza wewe. Umekula?"

Nikakataa kula. Basi akakaa palepale mbele yangu, akaila ile sahani yote mwenyewe, polepole, akalamba na vidole. Akaondoka.

Somo lilikuwa kwenye ile sahani, na mimi nikaliacha likaliwa. Nilichokishika ni kingine: kwamba nisikosee tena. Na kweli sikukosea. Nikaacha kufunua, lakini mkekani sikwenda. Nikishapalia nilikuwa nasimama kando ya sufuria na mwiko wangu, kama askari wa lango la hoteli, mpaka sinia la mwisho litoke. Wageni wakiondoka mimi nasugua masufuria. Chakula changu kilikuwa ukoko, nao umekwisha poa.

Mwiko wenyewe ulikuwa wa mti wa mbambakofi, unanifika kwapani. Nilitembea nao arusi zote, na mwisho watu wakaacha kuniita Mwanasiti wakaniita Bi Mwiko. Watoto, wakubwa, hata zahanati. Kadi yangu nusura iandikwe Bi Mwiko, nikamkatiza karani. Lakini niseme kweli, jina lilinipendeza. Pilau ikisifiwa nilirudi nyumbani naona njia yote ni yangu. Na mtu akisema, "Nzuri, ila ya yule mama wa Kinondo...", siku tatu chai hainipiti. Mume wangu, marehemu, alikuwa akitazama tu ndani ya kikombe changu akajua. "Leo nani amesifiwa?"

Mnacheka. Hamjasikia bado. Alipofariki mjomba wangu, nilikwenda hitma yake, nikapewa wali, nikatia tonge moja mdomoni, na kabla sijampa mkewe pole nikasema, "Bizari imezidi." Yule mjane akanitazama na macho yake mekundu vile. Mpaka leo nikikumbuka najifunika leso usoni, na niko peke yangu chumbani.

Basi nikapika, nikapika, mpaka bega likasema basi. Mkono wa kulia ukawa haupandi. Daktari akaunyanyua, akaushusha, akasema, "Bibi, sufuria kubwa ndiyo mwisho." Nikarudi, nikausimamisha mwiko nyuma ya mlango. Kila nikifunga mlango unanitazama.

Na hapa ndipo inapoingia arusi ya kwa Nimwaka.

Nimwaka ni shoga yangu na jirani yangu, ua kwa ua, tangu tulipokuwa tukienda chuo cha Kurani na juzuu zetu kichwani. Alikuwa amemlea mjukuu wake mmoja tangu ana meno mawili, kwa kuwa mama yake alikuwa kazini mbali, na mjukuu huyo akaposwa na kijana wa Wasini. Mimi nikajua mambo yatakavyokwenda. Kwetu mpishi haalikwi, mpishi huombwa. Mgeni hupelekewa mwaliko na msichana anayezungushwa nyumba kwa nyumba, anasimama mlangoni, anasema neno lake, anaondoka. Mpishi hujiwa na mwenye arusi mwenyewe, na sukari mkononi, anakaa kitako, wanazungumza mchele na kuni. Nikawa namngojea Nimwaka. Nimekwisha panga na maneno: nitamwambia mkono haupandi, yeye atanisihi, nami nitakubali kusimama tu na kuelekeza.

Akaja msichana. Akasimama mlangoni.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Pita."

"Sipiti, bibi, nina nyumba nyingi. Bi Nimwaka anakualika arusi Jumamosi."

Nikangoja. Naye akangoja.

"Na nini?" nikamuuliza.

"Na nini nini, bibi?"

"Hukupewa neno la mchele?"

"La, bibi. Wapishi wanatoka Ukunda, na majiko yao ya gesi." Akacheka. "Wana na kofia!"

Kofia! Nilifunga mlango, na mwiko ukanitazama. Nikaona nimekwisha. Miaka yote ile, arusi zote za Nimwaka nimepika mimi, na leo natumiwa mtoto asimame mlangoni kama anavyotumiwa mtu baki. Nikaapa siendi.

Jumamosi ikafika. Nilivaa dera kuukuu makusudi, nikakaa uani nikijifanya nachagua kunde. Lakini pua haina mlango. Harufu ya vitunguu ikavuka ua, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kimepita rangi hicho." Nikashindwa kukaa, nikasimama nikachungulia juu ya makuti. Kijana mmoja wa kofia nyeupe alikuwa karibu.

"Wewe! Kitunguu kimepita!"

"Shosho, tulia. Tuna saa ya kupimia."

"Saa inakula kitunguu?"

Akanipungia mkono. Nikarudi kwenye kunde zangu. Nilikuwa natoa nzima natupa, naweka mbovu.

Mara mlango wa ua ukasukumwa, akaingia Nimwaka. Amevaa gauni la kijani linalomeremeta, udi unamtangulia, dhahabu zote alizo nazo na nyingine za kuazima. Akaniona na dera langu. Akalikunja gauni, akakaa juu ya kizingiti changu, vumbi na yote.

"Nimwaka, inuka, utachafuka. Wageni wako wanakungoja."

"Wangoje. Shoga yangu haendi, nami siendi. Arusi ifanyike bila sisi."

"Nije kufanya nini? Mkono umekufa."

"Nani amekuomba mkono?"

"Ndiyo hivyo nasema! Hukuniomba! Umenitumia mtoto mlangoni kama mgeni!"

Nimwaka akanigeukia. "Nisikilize, Mwanasiti. Nimewaoza binti zangu watatu. Kila arusi nilikuwa nimekaa mbele pale, nalia, natafuta bega, na bega lako liko nyuma linakoroga. Naona moshi juu ya paa, nasema, yule pale Mwanasiti. Moshi! Leo namtoa huyu mtoto wa mwisho. Nyumba inabaki na mimi na paka. Nikasikia bega lako limeharibika, na Mungu anisamehe, nikashukuru. Nikasema, sasa nitampata akae na mimi. Nikakualika kama mtu. Nawe umeninunia."

Nikaingia ndani nikavaa. Nikajitia manukato. Nilipokuwa natoka, mkono wangu wenyewe, wala sikuutuma, ukachukua mwiko nyuma ya mlango.

"Weka," akasema Nimwaka.

"Nitaushika tu."

"Weka!"

Nikaweka. Na wallahi, wasichana, kile kipande cha njia cha hatua ishirini kilikuwa kirefu kuliko kutoka hapa hadi Diani. Mikono sikujua niipeleke wapi. Niliikunja, nikaikunjua, nikashika leso, nikaona mikono yenyewe ni mingi mno.

Tukakaa mkekani, chini ya turubai. Ubavuni mwangu akawa mama mmoja wa kwa bwana arusi, kutoka Wasini, ambaye hakuwahi kuniona. Akamuuliza Nimwaka, "Na bibi huyu ni nani?"

Mimi nikafungua mdomo niseme: ndiye Bi Mwiko, ndiye aliyepika arusi zote hizi unazozisikia. Nimwaka akaniwahi.

"Huyu ni Mwanasiti."

"Ndugu yako?"

"Mwanasiti."

"Karibu, Mwanasiti, sogea huku kwenye kivuli," akasema yule mama, akavuta magoti yake akanipa nafasi. Basi. Hakuuliza najua nini.

Sinia likaletwa. Nikatia mkono. Wasichana, ile haikuwa pilau, ilikuwa bokoboko lililopotea njia. Imelowa, kitunguu kichungu, chumvi imekwenda kwao. Nimwaka akanishika goti chini ya leso.

"Usiseme," akaninong'oneza.

"Sisemi."

"Uso wako unasema."

Nikaurekebisha uso. Nikatia tonge la pili. Na hapo nikatambua jambo: ilikuwa ya moto. Miaka arobaini, hiyo ndiyo pilau ya arusi ya kwanza kuila ya moto, nimekaa, na watu. Yule mama wa Wasini ananisogezea mnofu upande wangu wa sinia, ananieleza habari za goti lake. Nikala mpaka tukakwaruza bati. Nikamkumbuka Bi Mejumaa na ile sahani aliyoila mbele yangu, nikasema, ewe bi, nimechelewa lakini nimekula.

Kisha bibi arusi akatolewa kuaga. Mtoto yule nilimjua tangu akipenya chini ya ua wangu kuiba mapera, lakini uso wa arusi ulikuwa uso mwingine, na nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Ana kidoti juu ya mdomo kama cha bibi yake alipokuwa msichana, nilikuwa nimekisahau. Akaubusu mkono wa Nimwaka, akaubusu na wangu, akaingia garini, gari likaelekea Shimoni kwenye mashua ya Wasini.

Nimwaka akaangua kilio. Nikanyanyua mkono nimshike, ule wa kulia, ukakataa njiani. Nikamshika kwa wa kushoto. Mkono wangu wa kushoto haukuwahi kusifiwa na mtu kwa lolote. Akauegemea mpaka gari likaacha kusikika, na mpaka baada ya hapo.

Mwiko sasa nimeutia kwenye banda la kuku, ndio komeo la mlango. Kuku hawana neno nao.

Haya, vipimo: mchele kilo moja, maji yapande juu ya mchele kiungo kimoja cha kidole cha shahada, cha kwangu si cha mwalimu, yeye ana vidole virefu. Ukishapalia nawa uso, badilisha leso, nenda ukakae na watu. Hilo nalo ni kipimo, liandikeni.

Na wewe wa nyuma ya mlango wa stoo, wali wako niliuonja kabla sijaondoka. Nne ni nyingi, mwalimu amekuonea huruma. Utajifunza, au utaifuata kazi nyingine, yote sawa. Lakini Jumapili baada ya adhuhuri mimi na Nimwaka huwa tumekaa uani kwangu, na mkeka una nafasi. Njoo. Usilete sahani ya kuonjwa, wala usilete daftari. Nimekualika.